Mazingira ya Kuundia Programu za Bodi ni Sehemu ya Kazi Tunayoiuza

Bodi ndogo ya kompyuta ikishafungwa ndani ya boksi la plastiki na kukazwa skrubu ukutani mwa chumba cha barafu, umri wake huwa mrefu kuliko umri wa kompyuta iliyotumika kuiundia programu. Hapa Mombasa nimeziona bodi za namna hiyo zikifanya kazi kwa miaka mingi licha ya hewa ya chumvi inayokula viunganishi vyake, ilhali kompyuta za mafundi waliozitengeneza zimeshauzwa, zimeibiwa, zimefutwa na kuwekewa mfumo mpya, au zimehamia Nairobi pamoja na wenyewe. Bodi inabaki, mteja anabaki na ahadi ya matengenezo inabaki. Kinachokosekana ni ile kompyuta moja iliyokuwa na kompaila (programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya prosesa) ya toleo lile, maktaba (msimbo unaotumiwa kwa pamoja na programu nyingi) za toleo lile, na marekebisho madogo madogo ambayo hakuna aliyeyaandika popote.

Kwa maoni yangu, fundi anayemkabidhi mteja bodi bila kukabidhi njia ya kuiunda upya programu yake amekabidhi nusu ya kazi. Kontena, yaani mazingira ya programu yaliyofungwa pamoja na mafaili yake yote, ndiyo njia nyepesi zaidi ninayoijua ya kuikamilisha nusu ya pili, na hapa nitaeleza jinsi ninavyolitumia, kwa kuanza na kazi moja iliyonifikia baada ya kupita mikononi mwa mtu mwingine.

Mfanyabiashara mmoja wa samaki upande wa Likoni alikuwa na BeagleBone Black, bodi yenye prosesa ya gigahezi 1, kumbukumbu ya megabaiti 512 na hifadhi ya ndani ya gigabaiti 4. Ilikuwa ikipima joto la vyumba vyake vya barafu na kumtumia ujumbe kwenye simu joto linapopanda. Fundi aliyeifunga alikuwa ameshakwenda kufanya kazi ng'ambo. Kioo cha kuonyeshea joto kilikuwa kimekufa, cha aina ile hakipatikani tena madukani, na kilichonunuliwa badala yake kilihitaji kiendeshi kingine (msimbo wa kukiendesha kifaa) ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux. Mzee mwenyewe akaongeza ombi lake. "Mwanangu," aliniambia, "na hizo saa ziweke sawa. Kikiniandikia kumi na nne mimi sielewi. Niandikie saa nane mchana." Ni ombi la haki kabisa, kwa maana anayeamshwa usiku na ujumbe kuhusu samaki wake hapaswi kufanya hesabu kwanza, na kwa mwandishi wa programu ni mistari michache tu ya kupunguza sita na kutaja kipindi cha siku.

Bodi hiyo ilikuwa na Debian 9, mojawapo ya mifumo ya Linux, na kerneli ya 4.14, na msimbo wake wote nilipewa ndani ya flashi moja. Kompyuta yangu ilikuwa na mfumo mwingine wa Linux, Ubuntu 22.04, ambao kompaila yake ya kawaida ni GCC 11. Kazi ya kukompaili kerneli ilisimama mwanzoni kabisa kwa ujumbe usemao `multiple definition of 'yylloc'`. Anayekutana na ujumbe huo kwa mara ya kwanza hudhani kuna kasoro katika kiendeshi alichokiongeza, au katika bodi yenyewe, na anaweza kushinda kutwa akitafuta mahali pasipo na kitu. Chanzo kiko mbali na bodi. Kerneli, kabla haijaanza kukompailiwa kwa ajili ya prosesa ya ARM, hujitengenezea kwanza vifaa vyake vya kazi vinavyoendeshwa kwenye kompyuta ya fundi, na kimojawapo ni dtc, kinachoyageuza maelezo ya vipande vya bodi kuwa faili ambalo kerneli italisoma inapowaka. Katika msimbo wa zamani wa dtc, jina yylloc lilitangazwa katika mafaili mawili. Matoleo ya zamani ya GCC yalikuwa yakiyaunganisha matangazo hayo kimyakimya na kuyahesabu kuwa kitu kimoja, lakini GCC 10, iliyotoka mwaka 2020, iligeuza msimamo huo na kuanza kulihesabu jambo hilo kuwa kosa. Kerneli ilirekebishwa baadaye, ila msimbo niliopewa ulichukuliwa kabla ya marekebisho hayo. Hapakuwa na herufi iliyobadilika ndani ya flashi ile; kilichobadilika ni kompyuta inayousoma.

Nikaiacha kerneli kando na kuijaribu programu ya saa. Yenyewe ilikompailiwa bila malalamiko yoyote, lakini nilipoihamishia kwenye bodi ikakataa kuanza, ikidai `GLIBC_2.34`. Debian 9 ina glibc, maktaba ya msingi ya programu za C, ya toleo la 2.24, na Ubuntu 22.04 ina 2.35. Toleo la 2.34 lilibadilisha namna programu inavyoanzishwa, kwa hiyo karibu kila programu ya C iliyounganishwa na glibc mpya hudai angalau 2.34 hata kama ndani yake hakuna kazi yoyote ya kisasa. Mistari michache ya kumwandikia mzee saa ya Kiswahili ilikuwa inaiomba bodi ya zamani maktaba ambayo haijawahi kuwa nayo.

Kila kizuizi kati ya hivyo viwili kina tiba yake ya papo kwa papo. Unaweza kulihariri faili la dtc, na unaweza kuiunganisha programu na maktaba zake zote ndani kwa ndani ili isiitegemee glibc ya bodi. Sipendi njia hizo. Ya kwanza inaugusa msimbo ambao umeshathibitika kwa miaka kwenye chumba cha mteja, na zote mbili zinaliacha tatizo lilelile kwa atakayekuja baadaye, ambaye kompyuta yake itakuwa mpya zaidi na itakuwa na vikwazo vingine ambavyo leo hatuvijui. Kinachotakiwa ni kuirudisha kompyuta ya wakati ule.

Kontena, kwa asiyewahi kulitumia, ni programu ya kawaida ya Linux iliyowekewa mipaka ya kuona. Inaona mafaili yake, watumiaji wake na mtandao wake, ilhali kerneli inayoiendesha ni ileile ya kompyuta nzima. Wazo lenyewe ni la zamani. Amri ya chroot, inayoifanya programu ione folda fulani kana kwamba ndiyo mzizi wa mafaili yote, imekuwemo ndani ya Unix tangu mwaka 1979. Linux ilianza kutenganisha mitazamo ya mafaili mwaka 2002, na mwaka 2008 kerneli ya 2.6.24 ikaongeza njia ya kuvigawia vikundi vya programu rasilimali kama muda wa prosesa. Docker, iliyotangazwa mwaka 2013, iliyakusanya hayo na kuongeza jambo lililoyafanya yatumike na watu wengi: mazingira yote yanaandikwa katika faili moja la maandishi, liitwalo Dockerfile, kisha yanafungwa kuwa taswira moja inayoweza kunakiliwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kwa kuwa hakuna kompyuta ya kuigiza katikati, mazingira ya Debian 9 huendeshwa kwa kasi ileile ya mazingira ya leo, na kwa mwenye kompyuta ya mkononi yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu, kama ilivyo kwa wengi wetu, hilo ni jambo kubwa.

Basi niliandika Dockerfile fupi. Mstari wa kwanza ulitaja Debian 9. Uliofuata uliielekeza apt, programu ya kusakinisha vifurushi, kwenye archive.debian.org, kwa sababu vifurushi vya Debian 9 vimeshaondolewa kwenye seva za kawaida na kuhamishiwa huko. Iliyobaki ilisakinisha gcc-arm-linux-gnueabihf pamoja na gcc ya kawaida, make, bc, bison, flex na libssl-dev. Kerneli ileile, bila faili la dtc kuguswa, ilikompailiwa hadi mwisho, na programu ya saa iliyotoka ndani ya kontena hilo ikaanza kwenye bodi mara moja.

Mafundi wengi huishia hapo, wakaamini kwamba kwa kuwa wana Dockerfile, wana mazingira. Ningependa kukaa kidogo juu ya jambo hili kwa sababu ndipo ahadi ya kontena inapovunjika bila mtu kujua. Dockerfile inayoanza na `debian:latest` inafanana na maelekezo ya biriani yanayosema "nunua bizari Marikiti": kila atakayekwenda atarudi na bizari, lakini mchanganyiko utategemea siku na duka. Jina `latest` huhamishwa kila toleo jipya linapotoka. Hata jina lenye namba, kama `debian:12`, huhamishwa kila taswira yake inaposasishwa, na amri ya `apt-get update` iliyoandikwa chini yake huleta vifurushi vilivyopo siku hiyo. Dockerfile hiyohiyo ikiendeshwa mwaka huu na mwaka ujao hutoa mazingira mawili tofauti yenye jina moja.

Kwa hiyo huwa ninaitaja taswira ya msingi kwa alama yake ya sha256, ambayo hukokotolewa kutokana na yaliyomo na haiwezi kuelekezwa kwingine. Vifurushi huvichukua kutoka snapshot.debian.org, ambako Debian huhifadhi hali ya ghala lake lote kwa tarehe na saa, na tarehe hiyo ninaiandika ndani ya Dockerfile yenyewe. Kisha, kwa kuwa seva za watu ni za watu, ninaihifadhi taswira iliyokamilika kwa `docker save`, na faili linalotoka linakwenda kwenye diski ya nje pamoja na msimbo. Gigabaiti moja au mbili za diski ni gharama ndogo mno ukilinganisha na siku ambayo ghala la mbali limefungwa na mteja anasubiri. Ikumbukwe pia kwamba tangu Novemba 2020 Docker Hub, ghala la taswira la mtandaoni, imewawekea kikomo wanaopakua bila akaunti, na ofisi nzima inayotoka kwenye intaneti kwa anwani moja huhesabiwa kuwa mtu mmoja.

Kazi mpya huzianza tofauti. Badala ya kuchukua Debian iliyokwisha kutengenezwa na kuikarabati, ninaunda mfumo mzima wa bodi kwa Yocto, mradi ulioanzishwa mwaka 2010 chini ya Linux Foundation, ambao huchukua msimbo wa kila programu kutoka kwa wenyewe, ukatengeneza kompaila yake, kisha ukaunda kerneli, maktaba na programu zote kuwa faili moja la kuandikwa kwenye bodi. Ninachagua matoleo yenye muda mrefu wa matengenezo, kama Scarthgap ya Aprili 2024. Mtu anaweza kuuliza kontena lina kazi gani ikiwa Yocto hujitengenezea kompaila yenyewe. Jibu ni kwamba kompaila hiyo nayo hutengenezwa na kompaila ya kompyuta yako, kwa Python ya kompyuta yako, na kila toleo la Yocto limejaribiwa kwenye orodha fulani ya mifumo ya Linux. Toleo la zamani likiwekwa juu ya mfumo mpya kabisa huanza kulalamika kuhusu GCC na Python, na mengine huishia njiani.

Yocto ndani ya kontena ina masharti yake. BitBake, programu inayoiendesha kazi yote, hukataa kuendeshwa na root, mtumiaji mwenye ruhusa zote, ilhali kontena la Docker usipoliambia lolote humfanya kila mtu kuwa root. Wapo wanaolizima katazo hilo. Siwaungi mkono, kwa sababu lipo ili faili lolote linaloandikwa kimakosa nje ya folda ya kazi lizuiwe, na anayelizima anaondoa ulinzi huo kwa ajili ya kuokoa mistari miwili. Kinachofaa ni kutengeneza mtumiaji wa kawaida ndani ya taswira na kuhakikisha namba yake inalingana na ya mtumiaji wa kompyuta ya nje. Kwenye kompyuta nyingi mtumiaji wa kwanza ni namba 1000, lakini anayetumia akaunti ya pili kwenye kompyuta ya ofisi atakuwa 1001, na hapo ndipo mafaili yanapotoka kontenani yakiwa na mwenyewe asiyejulikana, hayafutiki wala hayahaririki bila sudo, yaani ruhusa ya root. Ninaipitisha namba hiyo wakati wa kuliwasha kontena. Wanaotumia Podman, mbadala wa Docker, bila root wana `--userns=keep-id`, inayolimaliza jambo hilo kwa neno moja.

Sharti jingine ni lugha ya mfumo. Taswira za Debian huja zimepunguzwa hadi mifupa, BitBake nayo inataka en_US.UTF-8 iwepo, kwa hiyo kifurushi cha locales lazima kisakinishwe na lugha hiyo itengenezwe. Ni mstari mmoja, na usipokuwepo hakuna kinachoanza.

Jambo la tatu ni mahali pa kuweka vitu, na hili ndilo linalomgusa zaidi fundi wa hapa kwetu. Yocto huchukua zaidi ya gigabaiti 50 za diski kwa urahisi, na upakuaji wa kwanza ni wa gigabaiti kadhaa. Yote hayo yakiachwa ndani ya kontena, kontena likifutwa yamekwenda nalo, na bando limekwenda nayo. Nina folda tatu nje ya kontena: moja ya msimbo uliopakuliwa, ambayo BitBake inaiita DL_DIR, moja ya matokeo yaliyokamilika ya kila hatua, ambayo inaiita SSTATE_DIR, na ya tatu ya kazi inayoendelea. Mbili za kwanza ninazitumia kwa miradi yote, na zinathaminiwa kuliko kontena lenyewe, kwa maana kontena huundwa upya kwa dakika chache.

Folda ya SSTATE_DIR ndiyo inayowezesha kazi hii kufanyika mahali ambapo umeme hukatika. Kila hatua inapokamilika, BitBake hukokotoa alama kutokana na msimbo, maelekezo na mipangilio iliyoizaa, kisha huyahifadhi matokeo chini ya alama hiyo. Umeme ukikatika katikati ya kazi ya saa nyingi, unaporudi na kuiwasha kazi upya BitBake hulinganisha alama na kuchukua yaliyokwisha kukamilika, na kinachorudiwa ni zile hatua zilizokatwa njiani. Kwa upande wa upakuaji, faili lililokamilika huwekewa pembeni yake faili dogo lenye kiambishi `.done`, hivyo lililokatika nusu halichukuliwi kuwa zima. Nimewasikia vijana wakisema kazi za Yocto haziwezekani bila jenereta. Zinawezekana, mradi folda hizo ziko kwenye diski ya kudumu.

Kisha kuna joto. Miezi ya kaskazi, Februari na Machi hasa, chumba kisicho na kiyoyozi katika mtaa kama Majengo ni mtihani kwa kompyuta ya mkononi inayokompaili kwa prosesa zote kwa saa kadhaa. Kompyuta hujipunguzia kasi ili isiungue, na ikiwa kumbukumbu ni ndogo kerneli huanza kuziua programu za kompaila moja baada ya nyingine, kazi ikasimama kwa ujumbe usioeleza chochote cha maana. Docker ina chaguo la `--cpus`, ambalo wengi hulikimbilia, lakini halisaidii vizuri hapa. BitBake huhesabu prosesa inazoruhusiwa kuzitumia, na `--cpus` hupunguza muda wa prosesa bila kupunguza idadi inayoonekana, kwa hiyo kazi nyingi zilezile huanzishwa kwa pamoja zikigombania muda mdogo, na kumbukumbu inajaa kama kawaida. `--cpuset-cpus` hutaja prosesa zenyewe, BitBake ikaiona idadi halisi na kujipanga kulingana nayo. Anayetaka kudhibiti zaidi ataandika idadi ya kazi kwa mkono katika BB_NUMBER_THREADS na PARALLEL_MAKE. Kwenye kompyuta ya gigabaiti 8 ninaanza na kazi mbili kwa wakati mmoja, ninaiacha iendelee usiku, na ninailaza juu ya kitu kinachopitisha hewa.

Kuhusu intaneti, mji huu una bahati ya pekee. Nyaya za SEACOM na TEAMS ziliwasili hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimeongezeka baadaye, kiasi kwamba sehemu kubwa ya mawasiliano ya nchi hupita chini ya ufuo wetu. Hata hivyo, Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Kazi ya Yocto huvuta msimbo kutoka kwa mamia ya watu na taasisi duniani, na inatosha seva moja isijibu ili kazi yote isimame. Seva hizo pia hufungwa kwa sababu ambazo hazihusiani na nyaya: Machi 2024, mlango wa siri ulipogunduliwa ndani ya programu ya xz, GitHub iliifunga kwa muda hazina yote ya msimbo wa mradi huo. Uamuzi ule ulikuwa na sababu nzito, lakini aliyekuwa anautegemea msimbo huo kutoka pale siku ile alikuta mlango umefungwa.

Kwa hiyo folda ya DL_DIR inageuzwa kuwa ghala la nyumbani. BB_GENERATE_MIRROR_TARBALLS ikiwekwa 1, hata hazina za Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, hufungwa kuwa mafaili yanayoweza kunakiliwa, na mradi mwingine unaweza kuelekezwa kwenye ghala hilo kabla ya kwenda kwenye intaneti. Kisha linakuja jaribio ambalo kwangu ndilo hukumu ya kazi nzima: ninaweka BB_NO_NETWORK kuwa 1, ninaliwasha kontena bila mtandao kwa `--network none`, ninaanza na SSTATE_DIR tupu, na ninaunda mfumo wote kuanzia sifuri. Likikosekana faili moja tu, BitBake itasimama na kulitaja kwa jina. Jaribio hili ninapendelea lifanyike kwenye kompyuta ya mtu mwingine, kwa sababu kompyuta yangu imejaa vitu ambavyo nimeshasahau kwamba nilivisakinisha.

Wapo watakaouliza kwa nini nisitumie yaliyokwisha kutengenezwa. Taswira ya crops/poky, kwa mfano, huja na mahitaji yote ya Yocto, na humtambua mwenye folda ya kazi ikalingana naye yenyewe. Zana ya kas, iliyotoka Siemens, huandika katika faili moja matabaka yote ya mradi, yaani mafungu ya maelekezo ya Yocto, pamoja na alama za Git za kila tabaka, na ina amri yake ya kuendesha kazi hiyo ndani ya kontena. Ninamshauri anayeanza aanze na hizo. Mimi huandika Dockerfile yangu kwa sababu ninataka kila mstari uliomo niweze kumweleza mteja au fundi atakayenirithi, lakini mafaili ya kas ninayatumia bila kusita, kwani tabaka lililotajwa kwa jina la tawi badala ya alama kamili lina tabia ileile ya `latest`.

Kazi moja ninaiacha nje ya kontena kwa makusudi, nayo ni kuandika faili lililokamilika kwenye kadi au kwenye hifadhi ya bodi. Inawezekana kulipa kontena ruhusa ya kuziona diski zote za kompyuta kwa `--privileged`, na maelekezo mengi ya mtandaoni hufanya hivyo. Lakini mipaka ikishaondolewa hivyo, amri ya dd, inayoandika moja kwa moja kwenye diski, ikiwa na herufi moja isiyo sahihi inaweza kuifuta diski yenye picha za harusi. Kontena litoe faili, na mtu aliye macho aliandike kwa bmaptool, programu ya kuandikia kadi, akiwa anaitazama kadi mwenyewe. Kwa kuzungumza na bodi kupitia waya wa serial inatosha kulipa kontena kifaa kimoja, `/dev/ttyUSB0`, na hakuna zaidi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu kwa kila mteja ni diski moja ndogo yenye taswira ya kontena iliyohifadhiwa kwa `docker save`, Dockerfile iliyoizaa, ghala la msimbo wote, mafaili ya kas, orodha ya alama za sha256 za vyote hivyo, na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza amri ya kuanza nayo. Nakala moja anakaa nayo mteja na nyingine ninakaa nayo. Gharama ya diski naiandika wazi kwenye ankara, na mteja akieleweshwa kwamba diski hiyo inamruhusu kumwita fundi mwingine siku mimi nisipopatikana, huwa halalamiki. Baadhi ya wenzangu katika fani wanaona huku ni kujifungia mlango wa riziki. Naona kinyume chake: mteja anayekaa nawe kwa sababu hana pa kwenda atakuchukia polepole, na mji huu ni mdogo.

Kuna mahali ambapo kontena halifiki. Bodi nyingi za bei nafuu zinazoletwa sokoni huhitaji vipande vya programu vilivyofungwa, ambavyo mtengenezaji huvitoa bila msimbo wake: kiendeshi cha picha, programu ya redio ya Wi-Fi, wakati mwingine hata hatua ya kwanza ya kuwasha prosesa. Vipande hivyo unaweza kuvihifadhi, lakini huwezi kuvikompaili upya kwa glibc nyingine wala kuvifanya vikubaliane na kerneli mpya, na bodi inabaki imefungwa kwenye toleo moja hata mazingira yake yakitunzwa vizuri kiasi gani. Kwa sababu hiyo maswali yangu ya kwanza dukani siku hizi hayahusu bei wala gigahezi. Ninauliza kama bodi hiyo inaungwa mkono na kerneli ya kawaida ya Linux bila viraka vya muuzaji, kama tabaka lake la Yocto liko wazi na linafuata matoleo ya sasa, na kama kipande chochote kilichofungwa kina ruhusa ya maandishi ya kunakiliwa kwenye diski ya mteja. Muuzaji asipoweza kujibu la tatu, huwa ninamwomba aniandikie kwa barua pepe kabla sijalipa.